Ugonjwa wenye hauandikwe ku fishi: vijana wetu, haya, na haki ya munganga

Kila mara sisi wa sendika tunakaa ku meza moja na wakubwa wa kampani juu ya maji machafu na vumbi, wanatuuliza swali moja tu: «Preve iko wapi?» Hawaulize kama muto umebadilika rangi, juu hiyo wanaiona na macho yao. Wanauliza fishi za wagonjwa. Wanataka kuona wagonjwa ngapi, wa miaka ngapi, ugonjwa gani, tarehe gani. Na hapo njo tunakuwa wazaifu, kwa sababu kuna sehemu moja ya magonjwa yenye wamama wanaongea ku kisima na ku soko lakini haiko ku fishi hata moja. Ni magonjwa ya sehemu za siri, na zaidi yale ya vijana wetu wa miaka 12 mpaka 19.

Mu mwezi wa tatu 2024, mashirika mawili, RAID ya Uingereza na AFREWATCH ya hapa kwetu Lubumbashi, yalitosha ripoti juu ya maji yenye kuchafuliwa karibu na migodi mikubwa ya kobalti ya Lualaba. Walizungumuza na watu 144 wa vijiji na miji 25. Asilimia 56 ya hao watu walisema kwamba maji hayo yanaumiza afya ya uzazi ya wamama na wasichana: mwezi wenye hauje sawasawa, magonjwa ya njia ya mukojo na ya ukeni, mimba zenye kutoka.

Tusome vizuri hesabu hiyo. Ni neno la watu wenye waliulizwa, haiko kipimo cha labo. Ile neno iko na uzito, juu mutu mwenye anaoga mu maji kila siku anajua kuliko mutu mwenye anayaangalia ku karatasi mbali na muto. Lakini ugonjwa wa ukeni unaweza kutoka ku njia nyingi: maji, mayele ya mwili yenyewe, dawa mubaya, mududu, ao kulala na mutu mugonjwa. Mwenye anaweza kutenganisha hizo njia ni munganga mwenye kupima, kuandika, na kulinganisha mwaka na mwaka. Sasa kama msichana wa miaka 15 anaficha, munganga ataandika nini? Kampani itajibu: «Ku dispansere yetu hakuna hata kesi moja.» Na itakuwa inasema kweli, ku karatasi.

Hiyo njo maneno ya leo. Kuna mwili wa mutoto wenye unaweza kuharibika, na kuna madai yetu yenye yanabakia bila miguu. Mambo hayo mawili yanafungwa na kamba moja, na kamba hiyo ni haya.

Juu ya nini hawaende?

Wazee wanasema: mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Lakini tusiwalaumu vijana bila kuangalia mulango wenye tumewafungia. Kuna sababu ine, na tatu kati ya hizo zinatuhusu sisi wakubwa.

Ya kwanza ni mashaka. Msichana akisema «Mama, ninasikia kukunwa ku chini», jibu la haraka mu manyumba mingi ni: «Ulikuwa na nani?» Haulizwe imeanza lini, haulizwe kama anasikia homa. Anaulizwa jina ya kijana. Basi anajifunza siku ile moja kwamba kusema ugonjwa ni sawa na kukubali kosa. Kwa kijana mwanaume ni vilevile kwa njia ingine: baba anacheka, anasema «Sasa umekuwa mwanaume», na mutoto anarudia mu chumba na maumivu yake.

Ya pili ni karatasi. Mu kampani nyingi, mutoto wa mufanyakazi hawezi kuingia ku dispansere bila boni, na boni inatoka ku biro kwa matrikile ya baba. Fikiria sasa mutoto wa miaka 16 mwenye usaha unamutoka. Anapaswa kwanza kumuomba baba boni, baba atamuuliza ya ugonjwa gani, kisha baba atamuuliza karani, na karani ni jirani wa ku kamp. Mbele munganga hajasikia neno, watu watatu wamekwisha kujua. Haishangaze kuona mutoto anaenda kununua vidonge viwili kwa muuzaji wa ku barabara, mwenye hamuombi jina.

Ya tatu ni midomo. Ku kamp enfirmie anaimba na mama mu korali moja. Mutoto anaogopa kwamba maneno yake yatafika ku nyumba mbele yeye mwenyewe hajafika. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi, kuna waenfirmie wengi wenye kufunga midomo vizuri. Lakini hofu haiombi preve. Inatosha kesi moja itoke inje, na vijana wote wa kamp hawatarudia tena pale.

Ya ine ni franga. Watoto wa wafanyakazi wa kontra ya moja kwa moja wako na kampani. Lakini RAID na CAJJ walionyesha mu ripoti ya 2021 kwamba mu migodi mitano mikubwa yenye waliangalia, asilimia 57 ya wafanyakazi walikuwa chini ya wasutreta, sio chini ya kampani yenyewe. Kwa hao matibabu ya familia ni maneno ya kupigania kila siku. Na kwa wachimbaji wa mukono, wale tunaita «creuseurs», hakuna boni, hakuna matrikile, kuna mufuko tu.

Wazee wetu walijua kitu ingine. Mu wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, hospitali ilikuwa sehemu ya mushahara, na mutoto alipimwa tangu kuzaliwa. Hatusifu yote ya zamani hizo, kulikuwa mukono mugumu. Lakini wakati Gécamines ilianguka, kutoka karibu tani 470 000 za shaba ku mwaka mu miaka ya 1980 mpaka karibu tani 30 000 mu 1994, na wakati zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondolewa mu ile wanaita «départ volontaire» ya 2003, mushahara haukupotea peke yake. Familia nyingi zilipotesha na ile desturi ya kwenda kwa munganga mbele ugonjwa haujakomaa. Kizazi chenye kilikuwa mutoto wakati ule njo kinazaa vijana wa leo. Tulijifunza kungojea, na tunafundisha watoto wetu kungojea.

Nini ni ya kawaida, nini ni ya kukimbia nayo

Kwa kuwa watoto hawaulizi, wengi wanaogopa bure vitu vyenye haviko ugonjwa, na wanavumilia vitu vyenye viko hatari. Tuviweke sawasawa, na muzazi asome na mutoto wake.

Kwa msichana, maji kidogo meupe ao yenye kufanana na ute, bila harufu mubaya na bila kukunwa, ni kawaida. Mwili unajisafisha. Tena mu miaka miwili ya kwanza kisha mwezi kuanza, kukosa kuja ku tarehe ni kawaida kwa wengi: mara siku 24, mara siku 40. Neno hili ni la maana hata kwa madai yetu. Tukienda kulilia kampani kwamba mutoto wa miaka 13 anakosa mwezi sawasawa juu ya maji, munganga wao atatuangusha na neno moja. Lakini kama mama wa miaka 30, mwenye alikuwa anahesabu siku bila kukosa, anaanza kukosa, na jirani yake vile, na dada ya jirani vile, hapo kuna kitu cha kupima.

Msichana aende kupimwa kama maji yanakuwa ya manjano ao kijani, ao yananuka sana, ao yanafanana na maziwa yenye kuganda na yanakunwa, kama mukojo unachoma, kama kuna kidonda ao kipele chenye kuuma, kama damu inatoka inje ya mwezi. Aende vilevile kama amefikisha miaka 15 ao 16 na hajaona mwezi wake wa kwanza, ao kama mwezi unamulaza ku kitanda na kumukosesha masomo kila mara. Wengi wanaambiwa «vumilia, njo kuwa mwanamuke». Maumivu kidogo, ndiyo. Maumivu yenye kuangusha mutoto yako na sababu yenye inaweza kutafutwa.

Na asingojee hata kesho kama tumbo ya chini inauma sana pamoja na homa, ao kama damu inajaza kitambaa kimoja kila saa, ao kama anaweza kuwa na mimba na anasikia maumivu makali upande moja.

Tena tusisahau: ule ugonjwa wenye maji yanafanana na maziwa yenye kuganda, mara nyingi ni kuvu tu. Inaweza kumushika msichana mwenye hajalala na mutu hata siku moja, inaweza kumushika kisha kumeza antibiotike ya ugonjwa ingine. Muzazi mwenye anapiga mutoto juu ya alama hiyo anapiga mutoto juu ya kuvu.

Kwa kijana mwanaume, kuamuka usiku na nguo yenye kulowana ni kawaida. Yai moja kushuka chini kuliko ingine ni kawaida. Matiti kuvimba kidogo wakati sauti inabadilika ni kawaida pia, na kwa wengi inaisha yenyewe mu muda wa miaka miwili ao mitatu. Hakuna bulozi, hakuna laana.

Aende kupimwa kama usaha unatoka, kama mukojo unachoma, kama kuna kidonda hata kisichouma, juu kidonda cha kaswende kinaweza kukosa kuuma na kikakauka chenyewe, wakati ugonjwa unaendelea ndani. Aende kama kuna uvimbe mugumu ku yai, ao kama mufuko unavimba ku chini ya tumbo.

Na kuna vitu viwili vyenye havingoje asubui. Cha kwanza: yai moja linaanza kuuma kwa gafula, sana, wakati ingine na kutapika. Inaweza kuwa yai limejinyonga ku kamba yake na damu haipiti tena. Waganga wanahesabu karibu masaa 6 ya kuliokoa na upasuaji. Kijana mwenye anaanza kuumwa saa ine ya usiku na anangojea baba arudi kutoka ku ekipe ya usiku, anaweza kupotesha yai lake juu ya haya ya kuamusha mama. Cha pili ni kwa watoto wa SS, wenye tuko nao wengi mu familia zetu: uume kusimama na kuuma bila kushuka kwa masaa ine ao zaidi. Hiyo haiko maneno ya kuchekelea. Ni damu yenye imefungana, na bila munganga kijana anaweza kubakia bila nguvu maisha yake yote.

Mududu wa mu maji

Sasa turudie ku maji, juu kuna ugonjwa moja wenye unaunganisha migodi, muto na sehemu za siri, na hakuna mutu anautaja: kichocho, ile waganga wanaita bilharziose.

Mududu wake anaishi mu konokono wa maji baridi. Anatoka, anapita mu ngozi ya mutu mwenye kusimama mu maji. Watoto wenye wanasafisha mawe mu muto ao mu mashimo yenye kujaa maji, wamama wenye wanasukula nguo pale, vijana wenye wanaoga pale muchana, wote wanaweza kumubeba. Ule wa aina ya njia ya mukojo unaleta damu mu mukojo. Kwa kijana mwanaume, watu wanaona mukojo mwekundu na wanasema ni «ugonjwa wa wanawake», wanamuchekelea. Kwa msichana ni mubaya zaidi: mayai ya mududu yanafanya vidonda ukeni na ku shingo la kizazi. Anasikia kukunwa, anatoka damu, anatoka maji yenye harufu. Kila mutu, hata enfirmie mwenye kukosa mafundisho, anafikiri ni ugonjwa wa zinaa. Wanamupa dawa ya kisonono, haimusaidie. Wanamupa tena. Na jina lake limeharibika ku kamp, wakati kosa lake lilikuwa kusafisha mawe ili ndugu zake wakule.

Dawa ya mududu huyo iko, inaitwa praziquantel, inapimwa kwa uzito ao kwa urefu wa mutoto. Ikikunywiwa mapema, inaua mududu mbele vidonda havijakomaa. Ikichelewa, mududu anakufa lakini kovu linabakia, na kovu hilo linaweza kuzuia kuzaa na linafungulia virusi vya sida mulango. Kwa hiyo mutoto mwenye anaenda ku maji akiwa na alama hizo, muzazi amuambie munganga neno moja la wazi: «Huyu anasimamaka mu maji ya muto.» Bila neno hilo munganga anaweza kukosa kufikiri.

Vidonge viwili vya ku barabara

Wenye hawaende ku dispansere hawakai bila dawa. Wananunua. Vidonge viwili vya tetra, vitatu vya cipro, sindano moja ku chumba cha nyuma. Shida ni tatu.

Ya kwanza, muuzaji hapimi. Anasikia «kukunwa» na anatoa ile yenye iko ku meza. Kama ni kuvu, antibiotike itaiongeza. Ya pili, dozi haitimii. Alama zinapunguka, mutoto anaacha, ugonjwa unalala ndani. Ya tatu, kisonono, ile wengi wanaita sopisi, imezoea dawa nyingi za zamani. Tangu 2016 Shirika la Afya la Dunia linashauri kuacha cipro na dawa za jamaa yake kwa kisonono, juu mududu haziogopi tena. Lakini ku barabara zetu bado njo zinauzwa kwanza.

Na wakati ugonjwa unalala, unafanya kazi. Kwa msichana unapanda polepole mpaka ku mirija ya uzazi na unaifunga. Miaka kumi nyuma yake ataolewa, atangojea mimba, haitakuja. Familia ya bwana itamurudisha kwao. Hakuna mutu atakumbuka vidonge viwili vya miaka 16. Mu inchi yetu, kukosa kuzaa kunavunja nyumba kuliko njaa. Muzazi mwenye anasema «sitaki kusikia maneno ya aibu mu nyumba yangu», afikiri wajukuu wake.

Hatusemi hapa kwamba vijana hawalali na watu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa ao walikuwa na mimba ya kwanza. Mambo yako vile, hata kama tunafunga macho. Na kati yao kuna wenye hawakuchagua. Msichana ao kijana mwenye ameshikwa kwa nguvu anapaswa kufika kwa munganga mbele masaa 72 hayajapita, juu kisha hapo dawa ya kuzuia virusi vya sida haitumike tena. Afike vile alivyo, bila kungojea familia ikae kikao, bila kungojea polisi. Karatasi zitafuata.

Sheria inasema nini

Tuko na silaha zenye hatutumie. Kodi ya kazi, ile sheria 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, mu artikle 178, inamulazimisha bwana kazi kumutibisha mufanyakazi pamoja na familia yake: munganga, upasuaji, dawa, hospitali. Haisemi «isipokuwa ku chini». Ugonjwa wa ukeni wa mutoto wa miaka 14 ni matibabu sawa vile malaria.

Tena artikle 73 ya kodi ya makosa, kitabu cha pili, inawafunga midomo waganga, wauzaji wa dawa, wazalishaji na wote wenye kupokea siri kwa kazi yao. Mwenye anatoa siri inje ya pale sheria inamulazimisha, anaweza kufungwa na kulipa amende. Kwa hiyo munganga wa kampani hana ruhusa ya kwenda kuambia biro kwamba binti wa fulani ana kaswende. Biro ni biro, hata kama inalipa.

Na kodi ya migodi ya 2018 ilileta franga ingine. Kila kampani inapaswa kuweka asilimia 0,3 ya chiffre d'affaires yake kwa maendeleo ya jamii yenye kuizunguka, na franga hiyo inasimamiwa na chombo chenye watu wa kampani na watu wa jamii pamoja. Tena asilimia 15 ya «redevance minière» inaenda kwa eneo lenye mugodi uko. Mara nyingi tunaona franga hizo zinajenga ukuta wa shule na kisima chenye jina la kampani limeandikwa na rangi kubwa. Ni vizuri. Lakini ni nani amekwisha kuomba mu kikao kile chumba kimoja chenye mulango wa kufungika, na mama enfirmie moja mwenye kufundishwa kusikiliza vijana? Mu inchi yetu kuna hata programu ya kitaifa ya afya ya vijana. Kazi ni kuishusha mpaka ku kamp na ku kijiji.

Tuombe nini, tufanye nini

Kwa wadelege wenzangu: mbele ya mazungumuzo yenye kuja juu ya makubaliano ya kazi, tuandike mambo matano. Kila mutoto wa mufanyakazi mwenye kufikisha miaka 12 apewe karte yake mwenyewe ya matibabu, asiombe boni kila mara. Boni na faktire zenye kwenda ku biro zibebe nambari tu, zisibebe jina la ugonjwa. Dispansere iweke masaa ya vijana, kwa mufano mara moja ku juma kisha masomo, na mama enfirmie awe pale kwa wasichana. Familia za wafanyakazi wa wasutreta wapite ku mulango ule ule. Na kila mwaka hesabu ya magonjwa, bila majina, iletwe ku komite ya usalama na usafi: ngapi, umri gani, kamp gani, alama gani.

Jambo la tano njo linajibu lile swali la «preve iko wapi». Lakini halitatembea bila ine ya kwanza. Kama vijana hawaamini mulango, hesabu itakuwa sifuri, na sifuri hiyo itatumiwa juu yetu. Tena tujilinde sisi wenyewe: mu kamp ndogo yenye manyumba 40, kuandika «msichana moja wa miaka 14» ni sawa na kuandika jina lake. Pale hesabu iunganishwe na ya kamp zingine.

Kuna wenye watatuambia kwamba huu haiko wakati wa kuomba, juu tangu serikali ilifunga kutosha kobalti inje mu mwezi wa pili 2025, na kisha kuweka kota mu mwezi wa kumi, kampani zinahesabu kila franga. Tunasikia. Lakini karte na mulango wenye kufungika haviko bei ya lori. Na mufano wa Gécamines unatufundisha: matibabu yenye kuachwa mu wakati wa shida hayarudii yenyewe wakati bei inapanda.

Kwa wazazi: mutoto akisema neno ya mwili wake, swali la kwanza liwe «Imeanza lini?» na la pili «Inauma wapi?» Maswali ingine yatapata saa yake. Kama kwa mama inakuwa nguvu, shangazi yuko, yaya yuko, kambo yuko. Zamani njo walikuwa wanafundisha mambo haya, na haikuwa aibu. Kwa kijana, baba ao mujomba asingojee kuulizwa. Na ku dispansere, munganga akikuomba utoke kidogo mu chumba, utoke. Hakunyang'anye mutoto wako. Anatafuta lile neno lenye mutoto hawezi kusema mbele yako.

Kwa vijana wenye kusoma ukurasa huu, ao wenye watasomewa: uko na haki ya kumuomba enfirmie afunge mulango. Msichana uko na haki ya kuomba mwanamuke, na kuomba rafiki ao dada asimame karibu wakati wa kupimwa. Kama kusema ni nguvu, andika ku karatasi: imeanza tarehe fulani, inachoma hapa, rangi iko hivi. Peana karatasi. Usiogee mu sabuni kali na chumvi ili «kusafisha ndani», inaharibu zaidi. Usikunywe nusu ya dawa ya rafiki. Na kama enfirmie moja alikuchekelea, tafuta mwingine, ku kituo cha afya cha serikali ao cha kanisa, lakini usirudie nyumbani kufunga mulango.

Na wewe ndugu mufanyakazi mwenye unatoka ku ekipe ukiwa na uchovu: juma hili uliza ku biro kama watoto wako wote wameandikwa ku fishi ya familia. Wengi watakuta mutoto wa mwisho hayuko, ao yatima wa ndugu mwenye unalea hayuko. Ukikuta hivyo, leta kwa delege wako kitendo cha kuzaliwa ao karatasi ya kulea yatima. Mutoto mwenye hayuko ku fishi leo, hata mulango ukifunguka kesho, hatapita.